KUTUMWA NA KUTALII: MSAMIATI WA SAFARI MBILI

Mhariri ameniomba niandike somo la msamiati wa safari. Nimeona nisiwarundikie maneno kama orodha ya dukani. Nitayaeleza nikifuata safari mbili za mama yangu, za Desemba 2025. Moja alitumwa, nyingine alikwenda kwa hiari yake.

Mama ni mkaguzi wa hesabu. Tulikuwa tumepanga kwenda Unguja tarehe 20, mimi na yeye, baada ya kuweka akiba miaka miwili. Kwa mwanachama wa chama hiki Unguja si mahali pa kuogelea tu. Lahaja ya huko, Kiunguja, ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu, nami nilitaka kuisikia kwa masikio yangu. Basi, Alhamisi moja mwishoni mwa Novemba mama akaambiwa kazini kwamba Jumatatu aelekee Lodwar, siku kumi na mbili.

Neno safari limetoka Kiarabu. Waingereza walilichukua kwetu wakalivisha kofia na hema, hata ukilisikia kwao unawaza simba. Kwetu safari ni safari tu, iwe ya matanga au ya kurudi shule. Tena lina maana ya "mara" au "zamu", kama mtu anaposema, "Safari hii hunidanganyi." Mama alipoingia nyumbani akasema, "Safari hii wamenipata!" alikuwa ametumia maana zote mbili kwa pamoja. Hakujua, maskini.

Sasa tuje kwenye kitenzi tuma, ambacho kila mtahini anakipenda. Tunapata tumwa, tumia, tumika, tumikia. Katika ukoo huohuo kuna mtume, mtumishi, matumizi, na mtumwa. Mama akifunga mkoba alinung'unika, "Mimi ni mtumwa wa watu hawa." Kisarufi alikuwa amezidisha chumvi. Ametumwa ni kitenzi, nacho kina wakati wake, kinaanza na kinaisha. Mtumwa ni nomino, nayo humganda mtu. Lakini sikumwambia hivyo usiku ule. Kuna wakati wa sarufi na wakati wa kunyamaza.

Masurufu ni fedha za matumizi ya safarini. Wengi huyachanganya na nauli, ambayo ni ya chombo cha kusafiria tu, na posho, ambayo ni ya kujikimu kila siku. (Wafanyakazi wengi hupenda kusema per diem, hata wale ambao hawakusoma Kilatini hata siku moja.) Masurufu ya mama yalichelewa. Kwa siku tano alikula akiba yetu, yaani pesa za meli zikawa zinanunua maji ya chupa kule Lodwar kwenye jua kali. Ndipo nilipoelewa kwa nini watu wazima hulitamka neno hili kwa uchungu.

Kulikuwa na jambo lingine lililotutia wasiwasi. Mtu anayetoka Kenya kwenda Tanzania hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo ukichanjwa umechanjwa. Mimi nilikuwa nacho. Mama hakuwa nacho. Angesubiri hadi arudi Lodwar, hesabu ingekataa! Ijumaa aliomba ruhusa ya saa mbili, akapanga foleni, akachanjwa, Jumatatu akapanda gari mkono ungali unamuuma. Pasipoti alikuwa nayo. Tangu 2014 Mkenya huweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, lakini Tanzania haikuingia katika mpango huo.

Kutoka Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300. Mchana alikagua vitabu vya hesabu chumbani ambamo, kwa maneno yake, "feni inazungusha moto". Jioni alinipigia simu. "Mwanangu, hebu soma tena hizo saa za meli. Polepole. Na kule Horohoro tutafika saa ngapi?" Nikasoma. Kesho yake tena. Nilidhani amesahau, kumbe alitaka tu kusikia.

Hapa ndipo neno talii linaponifurahisha. Leo mtalii kwetu ni mzungu mwenye kamera. Lakini kutalii, neno lingine lenye asili ya Kiarabu, maana yake pia ni kusoma kwa makini, kudurusu. Unaweza kutalii kitabu. Kwa hiyo mama alikuwa mtalii kabla hajavuka mpaka, pale kitandani Lodwar, akidurusu Unguja kwa simu. Kuvumilia kule hakukuwa kukaa kimya na kusubiri. Alikuwa na la kusoma kila jioni.

Na likizo? Linatokana na likiza, ambalo pia ni kumwachisha mtoto ziwa. Mtoto anayelikizwa hulia. Siku mbili za kwanza Unguja mama alikuwa akishika simu kila mara, kana kwamba Lodwar inamwita. Siku ya tatu akaizima.

Tukiwa huko nilijifunza la mwisho. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Wakenya hulitumia kwa Uingereza na Marekani, lakini mjini Unguja kuna Ng'ambo kabisa, mitaa iliyokuwa upande wa pili wa hori lililoitenga na Mji Mkongwe. Hori limefukiwa, ni barabara sasa. Nilimwuliza mama mwenye chai, "Ng'ambo ni wapi?" Akacheka, "Mwanangu, si hapo tu, vuka barabara." Tukavuka.

ZOEZI
1. Tunga sentensi moja inayotumia safari kwa maana zake zote mbili.
2. Tofautisha: masurufu, nauli, posho.
3. Mwulize mzazi wako mahali alikowahi kutumwa akiwa na mipango mingine. Andika jibu lake kama alivyolisema.

Majibu mpe katibu kabla ya mkutano wetu wa kwanza wa muhula.