Barabara ya M-185: kilomita 13 ambazo gari haligusi

M-185 ni barabara ya jimbo la Michigan, nchini Marekani. Ina namba yake kama barabara nyingine za jimbo, ina vibao vya maili, na ikiharibika ni idara ya usafirishaji ya jimbo inayoitengeneza. Gari lako, hata hivyo, haliruhusiwi kuikanyaga. Wanaopita ni waendesha baiskeli, farasi na waenda kwa miguu, na kwa hilo haina mwenzake katika barabara za majimbo ya Marekani. Urefu wake ni maili 8 na ushei, karibu kilomita 13. Haiungani na barabara nyingine yoyote ya jimbo, kwa kuwa inakizunguka kisiwa na kurudi ilikoanzia.

Kisiwa hicho ni Mackinac, ndani ya Ziwa Huron, pale rasi mbili za Michigan zinapokaribiana. Herufi ya mwisho ya jina haitamkwi. Wenyeji husema “Makino”. Waliowahi kutembea mji wa kale wa Lamu, ambako punda ndiye mbeba mizigo, hawatapata shida kuelewa mambo yanavyokwenda huko. Mizigo ya madukani, taka za majumbani, masanduku ya wageni wa hoteli, vyote huvutwa na farasi. Majira ya joto kisiwa huwa na farasi wapatao 500, na wapo wafanyakazi ambao kazi yao ya kutwa ni kuzoa samadi barabarani.

Yote hayo yalianza na malalamiko. Magari ya kwanza ya injini yalipoingia kisiwani, farasi walishtuka. Waendesha magari ya farasi, ambao riziki yao ni watalii, walilalamika, na mwaka 1898 baraza la kijiji likapiga marufuku magari ya injini. Miaka michache baadaye wasimamizi wa hifadhi wakachukua hatua hiyohiyo, na uamuzi wao ulikuwa na uzito mkubwa kwa sababu sehemu kubwa ya kisiwa ni hifadhi. Mwaka 1875 ilikuwa hifadhi ya pili ya taifa nchini Marekani, baada ya Yellowstone. Mwaka 1895 ikakabidhiwa kwa jimbo. Watu wa kijiji wa enzi hizo walikuwa wakilinda kazi yao, na kwa maoni yangu ndiyo sababu marufuku hiyo imedumu zaidi ya karne: wanaoitii ndio wanaokula kwa ajili yake.

Barabara ya kando ya maji ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1933 jimbo likaipa namba. Kumbuka kwamba hili ni jimbo la Detroit, mji uliosifika kwa kuunda magari. Jimbo hilohilo lilikubali kutunza kwa fedha za umma barabara ambayo gari halipiti, na mimi naliheshimu kwa hilo. Magari ya dharura ndiyo yanayoruhusiwa, na hata ajali iliyovunja rekodi ya barabara hii ya kutokuwa na ajali ya gari ilikuwa yao: mwaka 2005 gari la zimamoto na gari la wagonjwa yaligusana.

Sasa safari yenyewe. Feri huondoka Mackinaw City upande wa kusini, au St. Ignace upande wa kaskazini, na kwa kawaida hazichukui hata nusu saa. Gari unaliacha bara. Baiskeli unaweza kuja na yako au kukodi karibu na gati. Kabla ya kupanda feri, angalia saa ya feri ya mwisho ya kurudi, maana inabadilika kwa msimu.

Vibao vya maili vinaanzia mjini na kuhesabu kwa kwenda mashariki, yaani ukizunguka ziwa likiwa kuliani kwako. Nakushauri ufuate mwelekeo huo. Kwanza unapita chini ya ngome, Fort Mackinac, iliyojengwa na Waingereza wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Mbele kidogo, juu ya genge, liko Arch Rock, tao la chokaa lililochongwa na maji na upepo, karibu mita 45 juu ya ziwa. Ngazi za kulifikia ni zaidi ya 200. Funga baiskeli chini, panda taratibu.

Karibu nusu ya njia utafika British Landing, ambako unaweza kupumzika na kwenda msalani. Hapo usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1812 kapteni Charles Roberts aliteremsha wanajeshi wa Uingereza na wapiganaji wa makabila ya Wenyeji wa Amerika. Wakaburuta mzinga hadi mlimani juu ya ngome. Wamarekani ndani ya ngome hawakuwa na habari kwamba vita kati ya nchi yao na Uingereza vimetangazwa. Kulipokucha walijikuta chini ya mzinga, wakajisalimisha bila kupigana. Mwaka 1814 Wamarekani walishuka ufukwe huohuo kutaka kukirudisha kisiwa, wakashindwa.

Kutoka hapo unarudi mjini kwa upande wa magharibi, na hewa ikiwa safi utaona daraja la Mackinac lililofunguliwa mwaka 1957. Daraja hilo linaunganisha rasi mbili tu, kisiwani halifiki. Barabara nzima ni tambarare, hivyo hata mtoto anayejua baiskeli ataimaliza. Kwa mwendo wa kawaida tenga saa moja na nusu, kwa miguu tenga saa tatu au zaidi. Beba maji na koti jepesi. Kaa kulia, na ukikutana na farasi punguza mwendo. Usimpite kwa ghafla wala kumpigia kengele karibu na masikio.

Ziwa likifura, barabara huumia. Mawimbi ya 2019 na 2020 yaliimega vibaya, na ukarabati mkubwa ukafanywa mwaka 2021. Basi ulizia hali ya njia kabla ya kukodi baiskeli.

Msimu wa wageni ni kuanzia Mei hadi Oktoba. Baada ya hapo farasi wengi hupelekwa bara, na wakazi, ambao ni mia tano na kitu, huruhusiwa kutumia pikipiki za theluji. Miaka ambayo ziwa linaganda sawasawa, huvuka kwa pikipiki hizo hadi St. Ignace juu ya barafu, wakifuata mstari wa miti ya Krismasi iliyokwisha kazi, ambayo wameichomeka kuonyesha pa kupita.