Jifahamu Jiji Lako: Majengo ya Herbert Baker na Mkazi wa Leo

Shule ya Nairobi iko kando ya Barabara ya Waiyaki, si mbali na Kawangware. Makao makuu ya Shirika la Reli yako karibu na stesheni kuu, kwenye reli ile ile inayopita katikati ya Kibera. Mahakama ya Juu iko City Hall Way. Wakazi wengi hupita hapo kila siku bila kujua kwamba majengo haya matatu yanahusishwa na msanifu mmoja: Herbert Baker.

Baker alizaliwa Uingereza mwaka 1862. Alihamia Afrika Kusini mwaka 1892, akachora makao ya serikali mjini Pretoria yaliyokamilika mwaka 1913. Baadaye alifanya kazi New Delhi, India. Edward Grigg, aliyekuwa Gavana wa Kenya kati ya 1925 na 1930, alimwalika kuchora majengo ya koloni. Kazi ya kila siku hapa Nairobi ilisimamiwa na msaidizi wake, Jan Hoogterp.

Shule ilifunguliwa mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales, kwa ajili ya wavulana wa Kizungu pekee. Jengo la mahakama lilikamilika mwaka 1935.

Ni nini cha kutazama?

Kwanza, kivuli. Baker alipenda varanda ndefu zenye matao, ili jua lisipige ukuta wa chumba moja kwa moja.

Pili, ua wa ndani. Vyumba vinavyozunguka ua hupata mwanga na hewa kutoka pande mbili. Somo hili lina faida hata kwa anayejenga chumba cha mabati: dirisha mbili zinazotazamana hupitisha hewa, na paa lililochomoza hupunguza joto la ukuta.

Tatu, nguzo. Nguzo kubwa za mahakama zilikusudiwa kumwonyesha mwananchi ukubwa wa serikali. Hayakuwa mapambo tu.

Wakati majengo hayo yakipanda, Wanubi wa Kibera walikuwa wakiishi kwenye ardhi waliyotengewa kama askari, iliyotangazwa rasmi mwaka 1918 ikiwa na ekari zaidi ya 4,000. Hawakupewa hati. Ilichukua hadi mwaka 2017 kwa jamii hiyo kukabidhiwa hati ya ekari 288. Jiji lilikuwa na pesa za mawe na matao kwa wachache, huku wengi wakijijengea wenyewe bila uhakika wa kubaki.

Hata hivyo, jengo linaweza kubadilisha kazi. Novemba 2011, nyumba za kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, zilibomolewa. Wakazi walikwenda kortini. Walishinda Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufani, kisha wakafika Mahakama ya Juu. Tarehe 11 Januari 2021, mahakama hiyo iliamua kwamba watu walioishi kwa muda mrefu kwenye ardhi ya umma na kuweka makao yao hapo wana haki ya makazi inayolindwa na Katiba, hata kama hawana hati. Kesi ilirudishwa Mahakama Kuu ili iamue nafuu wanayostahili.

Nguzo zilizojengwa kumtisha mwananchi sasa ni mlango wake wa haki.

Mambo ya kukumbuka:

• Vikao vya mahakama viko wazi kwa umma. Mkazi yeyote anaweza kuingia na kusikiliza.

• Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda majengo yaliyotangazwa kuwa turathi. Hayabomolewi wala kubadilishwa kiholela.

• Anayetaka kujenga anahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Uliza kuhusu idhini kabla ya kununua mawe.