Gari Lipate Tiba Kwanza, Mapambo Baadaye

Wadogo zangu wa Garsen, Minjila, Tarasaa, Ngao na Hola, leo kona hii ni yenu, ingawa hata wa Witu na Garissa wakisoma watapata lao.

Mdogo wangu mmoja ameniletea swali ambalo najua linazunguka katika nyumba nyingi huko kwenu. Yeye na mumewe wamejinyima mpaka wakanunua Toyota Prado la mtumba, la dizeli, la mwaka 2006. Wana watoto, mama mkwe yuko kijijini ndani ya delta ya Mto Tana, na kazi inawapitisha njia za vumbi na tope. Sasa marafiki wa mume wanasema gari liinuliwe, livishwe matairi makubwa, liwekwe chuma cha mbele na safu ya taa juu ya paa. Anauliza: "Dada, pesa zetu ni kidogo. Tuanzie wapi?"

Mdogo wangu, anzieni chini ya gari. Gari bovu likiinuliwa linabaki bovu, ila sasa liko juu zaidi. Mkumbuke utaratibu huu: matunzo kwanza, marekebisho baadaye, mapambo mwisho kabisa, tena kama pesa zimebaki.

Kwanza jueni mlichonunua. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Prado la 2006 linalouzwa leo limeshazunguka barabara zetu miaka mingi na kupita mikono ya mafundi wengi. Thibitisheni umiliki wake kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kutia hata shilingi moja ya marekebisho. Namba ya kilomita kwenye dashibodi msiitegemee peke yake, maana hurudishwa nyuma. Tazameni usukani ulivyochakaa, pedali zilivyolika, na viti vilivyobonyea. Injini ya dizeli ya lita 3, ile ya 1KD, ina mkanda wa taimingi. Kama hakuna ushahidi wa lini ulibadilishwa, badilisheni sasa. Mkanda huo ukikatika njiani, pistoni na vali hugongana, na gharama yake inaweza kukaribia ya injini nyingine.

Baada ya hapo gari liinuliwe, likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki tupu. Fundi ashike gurudumu la mbele kwa juu na kwa chini, alitikise. Likicheza, kuna beringi au bolijointi iliyochoka. Alishike kushoto na kulia, alitikise tena, asikilize ncha za usukani. Apitishe mkono kwenye mipira inayofunika jointi za ekseli za mbele. Mpira ukiwa na ufa mdogo tu, grisi inatoka na mchanga unaingia, na jointi nzima inakufa. Mpira mpya ni bei nafuu ukilinganisha na jointi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku ukuta wenyewe unajengwa porini, mbali na duka la spea. Bushi, shokabsoba na propela zikaguliwe hapo hapo, na propela zipigwe grisi kila gari linapofanyiwa huduma.

Kuhusu oili, vumbi na joto la Tana si la kuchezea. Oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 5,000. Chujio la hewa lifunguliwe kila mkitoka safari ya vumbi. Mkilipuliza, hewa itoke ndani kwenda nje, kwa nguvu ndogo, msije mkalichana. Kwenye dizeli, fungueni kibomba kilicho chini ya chujio la mafuta na kumwaga maji yaliyojikusanya, hasa kama mmewahi kujaza mafuta ya mitungi ya barabarani. Rejeta nayo isafishwe mbegu za nyasi zinazonasa mbele yake, na ijazwe kimiminika cha kupozea kinachostahili. Maji ya visima vya delta mengi yana chumvi, na chumvi hula rejeta kutoka ndani. Yawe ya dharura tu, kisha myatoe.

Sasa tuje kwenye matairi, maana hapa ndipo Tana River inapotofautiana na kwingine. Nyote mnaujua mathenge. Mti huu uliletwa Kenya miaka ya 1970 kwenye machimbo ya Bamburi, na miaka ya 1980 ukapandwa katika mradi wa umwagiliaji wa Bura ili upatikane msitu na kuni. Leo umevamia malisho na kandokando ya njia, na mwiba wake unaweza kufika sentimita 5. Unapenya tairi bila kelele. Mara nyingi pancha haionekani siku hiyo. Mwiba hukatikia ndani ya mpira, kisha kila gurudumu likizunguka unasogea kidogo, mpaka siku ya tatu mnaamka tairi limelala chini.

Kwa hiyo kila jioni pitisheni macho kwenye matairi yote, na ubavuni pia. Mkiona mwiba, msiung'oe kabla vijiti vya kuzibia na pampu viko mkononi. Bebeni vijiti vingi na pampu ya umeme inayounganishwa kwenye betri. Chagueni matairi ya matumizi mchanganyiko, yale yaliyoandikwa A/T, yenye ubavu mgumu. Yale ya tope tupu, M/T, yana kelele, yanakula mafuta, na kwenye lami yenye maji hayashiki vizuri kama A/T, nanyi kutoka Garsen mpaka Malindi mna zaidi ya kilomita 100 za lami.

Kabla ya kulipa, someni tarakimu 4 za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini umri mkubwa ni hatari, kwa sababu mpira umekauka. Likizidi miaka 6 likaguliwe kila mara, na likifika 10 liachwe hata kama linapendeza.

Je, muongeze ukubwa? Prado la namna hiyo mara nyingi huvaa 265/65R17. Mkienda 265/70R17, kipenyo kinaongezeka milimita 27 hivi, lakini gari linapanda nusu yake tu, kama milimita 13. Mwendo nao unadanganya: mshale ukisema 80, ninyi mko karibu 83. Hicho ndicho kikomo changu kwa gari la familia. Zaidi ya hapo tairi linasugua, breki zinafanya kazi kubwa, na injini inanung'unika.

Jambo lenye faida kuliko yote halina gharama kubwa: upepo wa tairi. Kwenye lami tumieni kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Mkiingia mchanga mzito, shusheni hadi psi 18 au 20. Kwenye tope, 22 hadi 25 hutosha. Tairi linatanuka, linakanyaga eneo kubwa, na gari linapita pale lilipokuwa linachimba kaburi lake. Mwendo uwe wa taratibu, kona zisiwe za ghafla, na mkirudi lami jazeni upya kabla ya kukimbia. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa huchemka na kupasuka.

Springi nazo zina nafasi yake. Kama mnabeba watoto, magunia ya mchele na mitungi ya maji, springi za nyuma zilizoimarishwa pamoja na shokabsoba zinazolingana nazo zitawasaidia. Kuinua gari kusizidi milimita 50, na baada yake lazima gari lipangwe magurudumu. Epukeni vipande vya chuma au plastiki vinavyowekwa juu ya springi zilizochoka ili gari lionekane refu. Havirudishi nguvu ya springi, na vinazipinda jointi za mbele. Keria ya juu ibebe vitu vyepesi tu, kwa sababu mzigo juu ya paa hulipindua gari kwenye kona.

Kuna rekebisho dogo ambalo ningelifanya kabla ya taa yoyote. Difu na giaboksi zina vipumulio. Difu ikiwa ya moto na ikaingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili. Kirefusheni kwa mpira mpaka juu kwenye chumba cha injini. Na baada ya kuvuka maji yoyote yaliyofika kwenye ekseli, fungueni nati ya difu mtazame. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe siku hiyo hiyo. Mkishuka Kipini mkakanyaga maji ya chumvi, osheni uvungu wote kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kulala.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa ninyi mnaotaka lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo. Linasaidia injini kuvuta hewa yenye vumbi kidogo, na linainua mdomo wa hewa juu ya maji. Lakini halizuii mkondo kulibeba gari. Maji yanayokwenda kasi yakiwa sentimita 30 tu yanaweza kubeba gari dogo, na sentimita 60 yanabeba magari mengi, yakiwemo haya yetu makubwa. Mto Tana hupanda kwa mvua zilizonyesha mbali, Mlima Kenya na Aberdare, huku kwenu jua likiwaka. Mmeona wenyewe mwisho wa 2023, barabara ya Garissa ilipokatika Madogo, na Aprili 2024, mashua ilipopinduka Kona Punda na watu wakapoteza maisha. Chini ya maji ya mafuriko hamjui kama lami bado ipo. Msiingie. Mkiona mkondo, geuzeni. Na gari likizimikia majini, msiliwashe tena. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, na fimbo za pistoni hupinda mara moja.

Udongo mweusi wa delta nao una adabu yake. Fungeni difu ya kati kabla ya kuingia tope, si baada ya kukwama, na mkirudi kwenye lami kavu ifungueni. Wenye X-Trail, Forester na RAV4, magari yenu ni mazuri, lakini mengi hayana gia za chini, na zile giaboksi za CVT huchemka mkizilazimisha mchangani. Mvua ikinyesha, subirini njia ikauke.

Buti lisikose sepetu, ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, kamba imara ya kuvutia na shakeli zake, tairi la spea lenye upepo, tochi, na maji ya kunywa ya kuwatosha watoto siku nzima. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia iliyoshikana na chesi. Msiruhusu mtu aifunge kwenye kile kichwa cha mpira cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu. Gari likivutwa, watoto wakae mbali kabisa.

Mwisho, rekebisho lolote linalobadilisha maelezo ya kitabu cha gari, kama injini, bodi au rangi, lipelekwe NTSA, na bima waarifiwe kwa maandishi. Msisubiri siku ya ajali ndipo mjue kwamba gari mliloliwekea bima na gari mnaloendesha ni vitu viwili.

Kwa hiyo mdogo wangu, mwambie shemeji yangu kwa upole: mwezi huu mkanda, oili na bushi. Mwezi unaofuata, matairi na pampu. Halafu springi na vipumulio. Taa za paa zingoje. Na mvua ikichacha, mama mkwe atapigiwa simu, atasalimiwa na wajukuu, na mtamtembelea njia ikikauka.