Uvimbe Usiopona: Picha za Hospitali Zina Kazi Gani?

Huku kwetu Malindi na Kilifi kijana akivimba goti tunasema kaumia mpirani. Anachuliwa kwa mafuta, miezi inapita. Mara nyingi ni jeraha kweli. Lakini mara chache ni sakoma, yaani saratani ya mfupa, misuli, mafuta au mishipa. Ile ya mfupa huwapata sana vijana wa miaka 10 hadi 20, hasa karibu na goti. Tutaitambuaje? Macho na mikono havitoshi.

Kila picha ina kazi yake:

1. Eksirei. Kwa mfupa, ndiyo ya kwanza. Huonyesha mfupa ulioliwa au uliojijenga ovyo.

2. Altrasaundi. Hutumia mawimbi ya sauti kuonyesha kama uvimbe ni maji au ni nyama.

3. Emaraai. Hutumia sumaku. Huonyesha uvimbe umefika wapi, na kama umegusa mishipa ya damu na ya fahamu. Hapa ndipo daktari anapopima kama mguu utaokolewa au utakatwa.

4. Siti skani ya kifua. Sakoma ikisambaa, mara nyingi hukimbilia mapafu.

Hata hivyo, picha peke yake haithibitishi. Lazima kipande kidogo kitolewe kikapimwe maabara. Picha itangulie, maana humwonyesha daktari pa kuchoma sindano, na kisu kikitangulia huivuruga picha. Wakati wa matibabu na baadaye, picha hurudiwa kuona kama dawa inafanya kazi, au ugonjwa umerudi.

Basi tufanye nini?

- Uvimbe unaozidi kukua, uliopita yai la kuku, au maumivu ya mfupa yanayokunyima usingizi: acha kuchua, nenda zahanati.
- Omba barua ya kwenda hospitali ya Malindi au Kilifi. Ikibidi, watakupeleka Coast General, Mombasa.
- Tunza picha zako zote. Kurudia ni pesa.
- Jiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Usingoje kuugua.

Jamani, kuchelewa ndiko kunakokata miguu.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Kwa nini picha itangulie kisu?
2. Nani kijijini ana uvimbe wa siku nyingi, na nani atamsindikiza hospitali?