Namna ya Kusoma Daftari la Fayawoli

Mlinzi mwema wa getini huwa na daftari. Aingiaye huandikwa, na akatazwaye huandikwa pia. Fayawoli ni mlinzi wa namna hiyo. Husimama kati ya chumba cha kompyuta na intaneti, na kila ipitapo paketi, yaani kifurushi kidogo cha habari, huitazama: imetoka anwani gani, yaenda anwani gani, yataka mlango namba ngapi. Isiporuhusiwa huizuia, kisha huandika mstari mmoja pamoja na saa.

Namba za milango yafaa kuzijua kwa moyo. Mlango 443 ni wa tovuti zilindwazo kwa siri, 53 ni wa kuuliza majina ya tovuti, 123 wa kuuliza saa, 25 wa kupeleka barua, na 23 wa kuamrisha mashine kutoka mbali kwa njia ya kizamani isiyo na siri.

Muhula huu daftari letu hapa Temeke lilikuwa na mistari ya ajabu. Karibu kila siku ya masomo kompyuta zetu tatu zilijaribu kutoka kwa mlango 123, zikazuiwa, na saa iliyoandikwa ilikuwa 03:40 au karibu na hapo. Wasomaji wa kwanza wakasema hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku, na chumba wakati huo kimefungwa. Ufunguo alikuwa nao mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu. Mnaona wenyewe maneno yalikoelekea. Wala jambo hilo si dogo, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa ni kosa, na jina la mtoto likishatajwa paredini halifutiki upesi.

Lakini kabla ya kuuliza ni nani, hapana budi kuuliza ni saa ya wapi. Fayawoli nyingi huandika kwa saa ya ulimwengu, iitwayo UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Nasi Waswahili tuna hesabu yetu nyingine, ya tangu kucha. Basi 03:40 ya daftari ni 06:40 ya hapa, nayo kwa kinywa chetu ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Kubahatisha hakufai; jambo hili hupimwa. Nilingoja hata simu yangu ikasoma saa nne kamili asubuhi, nikaiagiza kompyuta moja ijaribu mlango uliokatazwa, kisha nikafungua daftari. Liliandika 07:00.

Na saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi ni nani aliye chumbani? Ni wanafunzi wa zamu, wakifagia. Mwenye ufunguo ndiye anayewafungulia na kuwasha mashine, kama alivyoagizwa.

Ikabaki kujua kwa nini mlango 123. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo mfano wa sarafu, iwekayo saa umeme unapozimwa. Betri za mashine zile tatu, ambazo ni za zamani, zilikuwa zimekufa. Kila jioni swichi kubwa ikizimwa zilisahau tarehe, na kila asubuhi ziliamka zikidhani ni miaka mingi iliyopita. Ndipo zikauliza saa nje, fayawoli ikazikataza, zikauliza tena na tena. Hata ile lawama kwamba mashine hizo hukataa kufungua tovuti ilipata jibu hapo, maana hati ya tovuti ina tarehe ya kuanza, na mashine iliyo nyuma kwa miaka huiona kuwa haijaanza kazi. Tuliruhusu mlango 123 kwa safari za kutoka, tukanunua betri tatu, na mistari ile ikakoma.

Angalieni pia kwamba anwani si mtu. Ruta huazimisha anwani, na 192.168.1.23 ya leo yaweza kesho kuwa simu ya mgeni. Tazameni orodha ya ruta ya saa ile ile.

Mistari iliyosalia ni ya wabishao hodi kutoka nje, hasa mlango 23. Wageni wa kazi hii hushtuka, wakidhani shule ina adui. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap, iwezayo kubisha kwa anwani zote za IPv4, zipatazo bilioni 4, kwa muda usiotimia dakika 45. Mwaka 2016 ikaja Mirai, iliyoingia katika kamera na ruta zenye nywila za kiwandani. Hawa ni kama mchuuzi apitaye nyumba hadi nyumba Mbagala nzima, hakukuchagua wewe. Badilisheni nywila ya ruta, kisha waacheni wabishe.

Ninachokiogopa mimi ni kinyume chake: kompyuta ya ndani iendayo kwa mamia ya anwani za nje, mlango 25 au 445, saa baada ya saa, hali hakuna aliyeikalia. Hiyo ing'oeni waya wa mtandao, msifute kitu, andikeni saa kwa hesabu zote mbili, kisha mwiteni mwalimu.