Msumeno wa meza kwa karakana ndogo

*Mimi ni seremala, karakana yangu ni futi 10 kwa 12. Dukani kuna msumeno wa meza mdogo. Mtaani wananichomelea mkubwa kwa bei nafuu zaidi. Ninunue upi?*
*Seremala, Morogoro*

Ndugu seremala, unahofia fedha na nafasi, na ni haki yako, lakini nakuomba uanze na vidole. Ajali mbaya hutokea mpasuo unapojifunga nyuma ya bledi: meno yanaidaka mbao na kukurushia, na mkono uliokuwa ukiisukuma unavutwa kwenye bledi. Kinga yake ni kipande chembamba cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, kikipanda na kushuka nayo. Mashine nyingi za kuchomelewa hazina kipande hicho, kwa hiyo nachagua ile ndogo, ilimradi inacho. Utasema kubwa inapasua mbao nene. Kweli, ila bledi ya inchi 10 hupita kwenye mbao ya inchi 3, na samani nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Mashine za SawStop husimamisha bledi ndani ya milisekunde chache inapogusa ngozi, lakini ni ghali, na breki ikifyatuka unanunua nyingine, mara nyingi pamoja na bledi.

Plaiwudi ya futi 8 inataka futi 8 mbele ya bledi na 8 nyuma, nafasi ambayo huna. Ipunguze kwanza nje kwa msumeno wa umeme wa mkononi. Ukikatwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, nenda hospitali papo hapo. Na glavu usivae: bledi huzivuta pamoja na mkono.