Ndama Anayeshiba Mwanga: Kinywe, Bati na Leza za Nyuzi za Kioo

Kijitabu cha elimu kwa umma, Kata ya Nyabiyonza

Chukua penseli ya mtoto wa shule. Kiini chake cheusi wengi tunakiita risasi, lakini hakina risasi hata chembe. Ni kinywe, kikiwa kimechanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kinywe ni kaboni iliyojipanga tabaka juu ya tabaka, mithili ya shina la mgomba: unabandua gome moja, unakuta jingine. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua kinywe kwa selotepu ya kawaida hadi wakabaki na tabaka lenye unene wa atomu moja. Tabaka hilo huitwa grafini, na kwa utafiti wao juu yake walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Tabaka hilo moja hufyonza takriban asilimia 2.3 tu ya mwanga unaolipitia. Ni kidogo, ila namna linavyofyonza ndiyo iliyotufanya tuandike kijitabu hiki.

Mwanga unaozunguka

Leza tunayoizungumzia ni unyuzi wa kioo uliotiwa madini ya erbiamu na kuungwa kama pete. Leza nyingine ndogo huusukumia nguvu, nao mwanga huzunguka humo ukikua. Mwanga huo, wa takriban nanomita 1,550, ni wa aina ileile inayobeba taarifa kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao hapa Kagera unafika hadi Mutukula. Tofauti ni kwamba hapa tunataka mwanga utoke kwa mipigo mifupi mno.

Basi ndani ya pete huwekwa kifyonzaji kinachoshiba. Fikiria ndama mwenye njaa. Mpe maziwa ya kikombe, atayamaliza yote. Mletee ndoo nzima, atashiba na maziwa mengi yatabaki. Grafini hufanya vivyo hivyo: mwanga hafifu huliwa, lakini ukija mwanga mkali, elektroni hujaza nafasi zote zilizokuwa wazi na mwanga unaobaki unapita. Kufumba na kufumbua ndama huyu ana njaa tena, kwani nafasi hizo hufunguka ndani ya muda wa pikosekunde hivi. Kila mzunguko mwanga dhaifu unapungua na ule mkali unazidi kujikusanya, mpaka unabaki mpigo mmoja unaokimbia peke yake.

Pete ya meta 10 huzungukwa mara milioni 20 kwa sekunde. Mpigo wenyewe unaweza kudumu femtosekunde 500, na femtosekunde moja kwa sekunde ni kama sekunde moja kwa miaka zaidi ya milioni 31. Sasa chukua leza iliyokuzwa hadi wati 1 kwa wastani, pungufu ya taa nyingi za sola majumbani. Nguvu hiyo ikibanwa ndani ya mipigo hiyo, kila mpigo hufikia kilele cha takriban kilowati 100.

Ndiyo maana mipigo hii hukata bila kuunguza: kipande kimeshatoka kabla joto halijapata muda wa kusambaa pembeni. Viwandani hukatia vioo na vibomba vidogo vya kutanua mishipa ya moyo. Hospitalini leza za aina hii hukata konea ya jicho. Wazo hilo la jicho lilianzia kwenye ajali ya mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Michigan: mwanafunzi aliingiwa na mwanga wa leza jichoni, na daktari akashangaa jinsi jeraha lilivyokuwa safi.

Na bati letu?

Tanzania ina kinywe kingi Mahenge na Ruangwa. Kwa jirani zetu Kyerwa kuna bati, na misombo ya bati na salfa nayo imejaribiwa maabara kama kifyonzaji kinachoshiba. Tuseme wazi: mchimbaji asitarajie bei ya gunia kupanda kwa sababu hiyo, maana leza moja huhitaji chembe tu. Tena viwanda vingi bado hutumia vioo maalumu vya semikondakta, vilivyobuniwa miaka ya 1990, kwa kuwa vimezoeleka. Kinachokosekana kwetu ni maabara na vijana wa fizikia na kemia. Mzazi, binti yako akipenda masomo hayo, usimwambie ni ya wavulana.

Ukikuta mkongo umekatika

Usichungulie ncha yake, na usimruhusu mtoto aichungulie. Mwanga wake hauonekani, kwa hiyo jicho halitajifumba lenyewe kujikinga. Vipande vya kioo ni vyembamba kama unywele, huingia kwenye ngozi na ni vigumu kuvitoa. Simama mbali, zuia watoto na mifugo, kisha utoe taarifa ofisi ya kijiji.